Tyuna ya strobu: Jinsi jicho linavyolisaidia sikio kusawazisha ala za muziki

WAPIGAJI wawili wa gitaa wako jukwaani. Kila mmoja amebana kichwani mwa gitaa lake kile kijidude cha kupimia sauti ambacho wanamuziki hukiita tyuna, na kila mmoja ameiona taa ya kijani ikiwaka kwa nyuzi zote sita. Kwa mujibu wa mashine, magitaa yote mawili yako sawa. Kisha wanapiga noti ya kwanza kwa pamoja, na badala ya sauti moja iliyotulia inasikika sauti inayopanda na kushuka, mfano wa mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio. Hadhira huenda isijue kasoro iko wapi, lakini sikio halina raha.

Kosa hapa si la wapigaji. Tyuna ya kawaida huwasha taa ya kijani pindi uzi unapoingia katika eneo ambalo mtengenezaji ameamua kuwa ni karibu vya kutosha. Gitaa la kwanza laweza kuwa limesimama kwenye ukingo wa juu wa eneo hilo na la pili kwenye ukingo wa chini. Yote mawili yamefaulu mtihani, ila hayajafaulu kwa alama sawa.

Kipo kifaa cha zamani zaidi ambacho hakina taa ya kijani wala eneo la kusamehewa. Huitwa tyuna ya strobu. Mafundi wa piano, watengenezaji wa magitaa, marekebishaji wa akodioni na wataalamu wa sauti katika vyuo vikuu wamekitegemea tangu miaka ya 1930, na ingawa leo kinapatikana hata ndani ya simu ya mkononi, kanuni yake ni ile ile. Makala haya yanaeleza kinavyofanya kazi, kinavyotumiwa, na pale ambapo usahihi wake mkubwa unaweza kumpotosha anayekitumia.

Senti zisizokuwa za shilingi

Kabla ya kukifungua kifaa chenyewe, yafaa tuelewane kuhusu kipimo. Sauti ya uzi hutokana na mtetemo. Noti ya A ambayo vikundi vingi duniani hujisawazisha kwayo ni mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango kilichoafikiwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka wa 1939. Awali mambo yalikuwa shaghalabaghala. Ufaransa, kwa mfano, ilikuwa imepitisha sheria mwaka wa 1859 kuwa A ni 435, na kwingineko kila mji ulikuwa na A yake.

Kutoka noti moja hadi nyingine ya jina lilo hilo iliyo juu yake, yaani oktavu moja, mitetemo huongezeka maradufu. Katika mpangilio wa piano umbali huo umegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, nazo huitwa nusu toni. Mwaka wa 1885 msomi Mwingereza, Alexander Ellis, alipendekeza kila nusu toni igawanywe tena katika sehemu 100, naye akaziita senti. Oktavu nzima ikawa na senti 1,200. Hesabu hiyo aliitumia kulinganisha ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, na ndiyo inayotumika hadi sasa.

Senti moja ni kitu kidogo mno. Kwenye ile A ya 440, ni takriban robo ya mtetemo mmoja kwa sekunde. Noti zikipigwa moja baada ya nyingine, mtu wa kawaida hatambui tofauti ya senti mbili au tatu. Zikipigwa kwa pamoja, hali hubadilika. Tyuna nyingi za bei nafuu hukosea kwa senti moja hadi tatu upande wowote. Tuseme gitaa la kwanza limezidi kwa senti tatu na la pili limepungukiwa na tatu. Pengo ni senti sita, sawa na mtetemo mmoja na nusu kwa sekunde kwenye A hiyo. Mawimbi hayo mawili hukutana na kuachana, yakisaidiana na kisha yakiuana, mara tatu katika kila sekunde mbili. Huo ndio ule mlango unaofunguliwa na kufungwa.

Somo kutoka kwenye santuri

Wasomaji waliokulia enzi za santuri hawatapata taabu kuielewa strobu. Baadhi ya mitambo ya kuchezea santuri ilikuwa na alama ndogondogo zilizochongwa kwenye ukingo wa ile sahani inayozunguka, na pembeni kukawa na kitaa chekundu. Mtambo ulipokwenda kwa kasi ifaayo, alama hizo zilionekana zimesimama tuli ilhali sahani yenyewe ilikuwa mbioni. Wengi wetu utotoni tulidhani ni uchawi wa kiwandani.

Siri iko kwenye umeme. Umeme wa majumbani nchini Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na kitaa cha aina hiyo huwaka na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na thuluthi kwa dakika. Ukingo wa sahani ukiwa na alama 180, basi alama 100 hupita mbele ya kitaa kila sekunde. Kila kitaa kinapowaka, alama moja imeondoka na nyingine imechukua mahali pake barabara. Jicho haliwezi kung'amua kuwa kuna aliyehama, hivyo humwambia mwenyewe kuwa alama hazijasogea. Sahani ikizidisha kasi hata kidogo, alama huonekana zikitambaa kwenda mbele. Ikizembea, hurudi nyuma.

Maarifa haya ni ya tangu mwaka wa 1832, wakati Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walipotengeneza diski za kuchezea macho kwa picha zinazozunguka. Stampfer ndiye aliyezipa diski zake jina la stroboskopu, na neno strobu ni mkato wake.

Katika mtambo wa santuri, taa ndiyo inayojulikana na kasi ya sahani ndiyo inayopimwa. Tyuna ya strobu huupindua mpango huo. Diski yenye michirizi myeusi na myeupe huzungushwa kwa kasi inayojulikana na isiyobadilika. Maikrofoni huipokea sauti ya ala na kuigeuza kuwa umeme, na umeme huo ndio unaoiwasha taa iliyo nyuma ya diski: mtetemo mmoja, mmeto mmoja. Kama uzi unatetema mara 440 kwa sekunde na michirizi 440 inapita kila sekunde, michirizi husimama. Uzi ukiwa umekazwa mno, michirizi huteleza upande mmoja, ambao katika mitambo mingi ni wa kulia. Ukiwa umelegea, huteleza kushoto.

Utamu wa kifaa hiki uko katika mwendo huo wa kuteleza. Uzi ukitetema mara 441, mchirizi mmoja huhama kila sekunde. Ukitetema mara 440 na sehemu moja ya kumi, mchirizi mmoja huchukua sekunde 10 kuhama. Kosa la sehemu moja ya kumi ya senti, ambalo hakuna sikio linaloweza kulisikia, huufanya mchirizi utambae kwa karibu sekunde 40 kabla ya kufika mahali pa mwenzake, na jicho lenye subira litauona. Mshale wa tyuna ya kawaida hufanya hesabu, huchukua wastani, kisha hutoa hukumu. Strobu haihukumu. Huweka sauti mbili ubavu kwa ubavu na kumwachia mtu atazame.

Kutoka Elkhart hadi simu ya mkononi

Mtambo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa wingi ulitoka katika kampuni ya C. G. Conn, iliyokuwa ikitengeneza tarumbeta na saksofoni mjini Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani. Uliingia sokoni mwaka wa 1936 kwa jina la Stroboconn. Ulikuwa mzigo hasa, wenye vali za kioo kama za redio za zamani na diski 12, moja kwa kila nusu toni, zilizopangwa nyuma ya vidirisha vilivyofuata mpangilio wa vitufe vya piano. Kila diski ilikuwa na mizingo saba ya michirizi, ule wa ndani ukiwa na michache, na kila mzingo wa nje yake ukiwa na maradufu ya uliotangulia. Kwa njia hiyo diski moja ilipima oktavu saba za noti moja.

Diski zote 12 ziliendeshwa na mota moja kupitia magurudumu yenye meno, na mota hiyo nayo ilitii uma sauti uliotetema mara 55 kwa sekunde. Nambari 55 haikuokotwa barabarani. Ni ile A ya 440 ikishushwa oktavu tatu. Uma sauti wenyewe ni chombo cha kale, kilichobuniwa mwaka wa 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza. Udhaifu wake ni joto. Uma wa chuma cha kawaida ukiongezewa nyuzijoto 10 hushuka kwa karibu senti mbili, kwa hivyo wahandisi wa Conn iliwabidi watumie uma uliotengenezwa mahsusi usiyumbishwe na hali ya hewa. Aidha, mtambo ulikuwa na kirungu cha kusogeza kipimo hadi senti 50 juu au chini ya kiwango. Msomaji akikumbuke kirungu hicho, kwani tutakirudia.

Mwaka wa 1967 kampuni ya Peterson, pia ya Marekani, ilitoa strobu yake ya kwanza iliyotumia transista badala ya vali. Baadaye kioo cha kwarzi kilichukua nafasi ya uma sauti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja tyuna zisizo na diski yoyote inayozunguka, ambazo huichora michirizi kwenye kioo kidogo kama cha rununu. Nyingine hutumia duara la vitaa vinavyowashwa na sauti yenyewe. Siku hizi zipo programu za tarakilishi na za simu zinazofanya kazi iyo hiyo, nyingine bila malipo.

Swali huulizwa iwapo simu inaweza kuaminiwa. Saa ya kwarzi iliyomo ndani yake hukosea kwa makumi machache ya sehemu katika milioni, kiasi ambacho kikigeuzwa kuwa senti hakifiki sehemu moja ya kumi. Tatizo basi si saa. Tatizo ni kelele za chumbani zinazoingia kwenye maikrofoni, na programu zinazochora michirizi kama pambo tu huku kipimo chenyewe kikiwa ni cha mshale wa kawaida. Kuzitambua si kazi ngumu. Piga uzi huku ukiulegeza polepole. Michirizi ya kweli hubadilisha mwendo kwa ulaini, kama gari linalopunguza kasi mlimani. Ya bandia hurukaruka.

Kuitumia kwenye gitaa

Anayeitumia strobu kwa mara ya kwanza hukata tamaa upesi, kwa sababu michirizi haitulii. Kumbe uzi ndio usiotulia. Uzi unapochapwa kwa nguvu hujinyoosha, sauti hupanda, kisha hushuka unapopoa. Tyuna ya kawaida huficha tabia hiyo, strobu huianika. Dawa ni kupiga kwa upole, kwa nyama ya kidole gumba badala ya ukucha, na kungoja kitambo kabla ya kusoma. Gitaa la umeme lifungwe kirungu cha sauti kali ili zile sauti ndogondogo zinazoandamana na noti kuu zipungue. Nyuzi nyingine zizibwe kwa kiganja.

Uzi husawazishwa kwa kupandishwa kutoka chini. Ukiwa umezidi, ulegeze hadi upite kiwango, kisha uukaze tena hadi michirizi isimame. Ukiuachia pale uliposhukia, ulegevu uliobaki kwenye kigingi utaushusha zaidi katikati ya wimbo. Aidha gitaa lishikwe kama linavyoshikwa wakati wa kupigwa, kwani lililolazwa mezani si lile lililo mapajani. Shingo hujipinda kidogo na strobu huliona hilo.

Kazi ambayo strobu huifanya vizuri kuliko kifaa kingine ni kukagua kama gitaa lenyewe limeundwa sawasawa. Weka nyuzi mpya kwanza, kwa kuwa uzi uliochakaa hauna unene mmoja na utakupotezea siku nzima. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, uupige, na uisimamishe michirizi kwa sauti hiyo nyororo inayofanana na kengele. Kisha ubonyeze uzi kwenye freti iyo hiyo na uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Michirizi ikikimbilia upande wa juu, uzi ni mfupi mno: kile kipande kidogo kinachoubeba uzi kwenye daraja kisogezwe nyuma, mbali na shingo. Ikikimbilia upande wa chini, kipande kisogezwe mbele. Kila baada ya kukisogeza, uzi usawazishwe upya kabla ya kupima tena. Kidole nacho kibonyeze kwa nguvu za kawaida, kwani anayekandamiza kama anayeua mdudu huipandisha noti kwa senti kadhaa na kulisingizia gitaa bure.

Warekebishaji wa akodioni wana kisa chao. Ndani ya ala hiyo mna ndimi za chuma, na fundi akitaka kupandisha sauti hukwaruza ncha ya ulimi, na akitaka kuishusha hukwaruza karibu na shina lake. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kwa fundi huyo, kuona kwamba amebakiza senti moja na nusu, badala ya kuona tu kuwa yuko karibu, ni tofauti kati ya mkwaruzo mmoja mwepesi na ulimi ulioharibika.

Kifaa kisichojua kilicho sahihi

Hadi hapa strobu yaonekana kama hakimu asiyepokea hongo. Lakini ipo hatari, na mfano wake bora ni piano. Mwaka wa 1938 mtafiti Mmarekani, O. L. Railsback, alichapisha vipimo vya piano zilizokuwa zimesawazishwa na mafundi stadi kwa masikio yao. Vipimo hivyo vilionyesha kuwa mafundi hao hawakufuata hesabu. Noti za chini kabisa walikuwa wameziweka karibu senti 30 chini ya kiwango cha kitabuni, na za juu kabisa karibu senti 30 juu yake.

Wala hawakuwa wamekosea. Waya wa piano ni mgumu, na ugumu huo huzifanya zile sauti ndogondogo zinazoandamana na noti kuu zipande kuliko hesabu inavyotaka. Strobu yenye mizingo kadhaa hudhihirisha jambo hili: mzingo wa noti kuu husimama huku mizingo ya oktavu za juu ikiteleza polepole. Fundi anapolinganisha noti ya juu na ya chini yake, sikio lake huifuata ile sauti iliyopanda, na oktavu hunyooka. Anayeisawazisha piano nzima kwa kusimamisha kila mchirizi penye sufuri ataibuka na piano iliyo sahihi kwenye karatasi na iliyopoa masikioni. Strobu ilimweleza umbali. Haikumweleza aende wapi.

Hata ndani ya oktavu moja hali ni hiyo. Katika piano, kutoka C hadi E ni senti 400 kamili. Mawimbi ya noti hizo mbili yakiachwa yapatane yenyewe bila msukosuko wowote, umbali ni senti 386. Pengo la senti 14 kati ya viwango hivyo viwili ni kubwa kuliko kosa la tyuna yoyote ya dukani, nalo ndilo bei tuliyokubali kulipa ili piano moja iweze kupiga nyimbo za kila ufunguo.

Katika pwani yetu suala hili si la nadharia. Kanuni, ile ala ya taarabu inayolazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70, na kila noti huwa na nyuzi tatu zinazopaswa kutoa sauti moja. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Mohamed Ibrahim hadi Misri kujifunza ala hiyo katika karne ya 19, na mwaka wa 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho jina lake linafahamika hadi leo. Kuzifanya nyuzi tatu ziwe moja, mara ishirini na zaidi, ni kazi ambayo strobu huirahisisha ajabu: unasimamisha michirizi kwa uzi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na msukosuko wote hutoweka.

Ugumu huja kwenye noti iitwayo sika. Hii hukaa kati ya E bapa na E ya piano. Tyuna ya kawaida, ambayo huzijua noti 12 pekee, itamwambia mpigaji kuwa yu nje na kumsukuma aende juu au chini. Akiitii, ameiua maqamu. Wala si swali la kuweka sika katikati kabisa na kumaliza mambo. Wataalamu waliokutana Cairo mwaka wa 1932 katika kongamano la muziki wa Kiarabu walijadili kuigawa oktavu katika robo toni 24 zilizo sawa, na hawakuafikiana, kwa kuwa sika ya maqamu ya rasti hukaa juu kidogo kuliko ya bayati, na wapigaji wa nchi mbalimbali hutofautiana. Hapa ndipo kile kirungu cha kusogezea senti kinapokuwa na thamani kuliko mtambo wenyewe. Mpigaji huweka sika kwa sikio la mwalimu wake, hukizungusha kirungu hadi michirizi isimame, husoma nambari, na tangu siku hiyo anaweza kuirudia sika iyo hiyo kwenye nyuzi zote na kila jioni ya onyesho.

Nyatiti ya Waluo iko katika hali tete zaidi. Nyuzi zake nane hazikufungwa kwa A ya 440 wala kwa nusu toni 12. Mpigaji huzikaza kufuatana na sauti yake mwenyewe, na umbali kati ya uzi na uzi aliupokea kwa aliyemfundisha. Leo nyatiti hupigwa pamoja na gitaa na kinanda cha umeme, na kwa kuwa kinanda hakibadiliki, nyatiti ndiyo inayobadilishwa. Kijana hubana tyuna kwenye mti wa ala, hungoja taa ya kijani, na nyuzi nane huingia katika hatua za piano. Simlaumu, anataka ala yake isikike pamoja na za wenzake, na soko la muziki halimpi muda. Lakini mpangilio aliouacha haukuandikwa popote, na hauwezi kukisiwa upya kutokana na nyimbo zilizokwisha kuhamishiwa kwenye kinanda.

Kuna waliojaribu kuandika mipangilio kama hiyo. Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki na ambaye alifika Kenya mwaka wa 1950, alibeba seti ya uma sauti 54, kuanzia mitetemo 212 hadi 424 kwa sekunde, kila mmoja ukizidi uliotangulia kwa minne. Aliulinganisha uma na ala kwa sikio na kuandika. Ilikuwa kazi ya mtu mvumilivu, ila tufanye hesabu: hatua ya mitetemo minne ni senti 32 kule chini na senti 16 kule juu. Kilichokuwa katikati ilibidi akikadirie kwa kusikiliza msukosuko. Programu ya strobu iliyomo katika simu ya mwanafunzi wa shule ya upili ingempa jibu lisilokosea hata senti moja.

Kwa hivyo aliye na mzee nyumbani au kijijini anayeikaza nyatiti, obokano, litungu au udi kwa namna ya kale anaweza kuifanya kazi hiyo kwa alasiri moja. Mzee aachwe aisawazishe ala mwenyewe bila kuonyeshwa kioo, apige wimbo mmoja, kisha apige uzi mmoja mmoja kwa upole. Programu iwekwe A ya 440. Jambo hili likaguliwe kwanza, kwa sababu simu iliyoachwa kwenye 442, kiwango ambacho baadhi ya okestra za Ulaya hupenda, itaharibu kila nambari kwa karibu senti nane. Kwa kila uzi, kipimo kisogezwe hadi michirizi isimame, na kuandikwe noti iliyo karibu pamoja na senti zilizozidi au zilizopungua.

Kisha zoezi lirudiwe siku nyingine, kwa wimbo mwingine. Nambari zote huenda zikawa zimepanda au kushuka pamoja, pengine kwa sababu mzee ana mafua au wimbo huo huuimba kwa sauti ya chini. Hilo lisimtie mtu wasiwasi. Kinachotafutwa ni pengo kati ya uzi na uzi unaofuata. Mapengo saba kwa nyuzi nane. Yakilingana siku zote mbili, yaandikwe kwenye daftari kwa kalamu, pamoja na jina la mpigaji, jina la aliyemfundisha, mahali na tarehe.